Jasho Si Mafuta

Kengele ya mwisho ilipolia, Zaruhi alivuta kofia yake ya sufu hadi masikioni, akatupa mkoba begani, akashika njia ya kwenda kwenye ukumbi wa vyuma. Theluji ilikuwa imegandamana pembeni mwa barabara, na upepo wa mji wa Gyumri, ambao wenyeji husema una meno, ulimng'ata mashavu. Alipita nyumba za mawe meusi, akapita duka la mikate lililokuwa likifuka mvuke mlangoni. Hapo aliziba pua kwa kidole cha glavu na kukaza mwendo.

Zaruhi alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikuwa mnene, na watu hawakumwacha asahau jambo hilo hata siku moja. Mwanzoni mwa mwaka wa shule daktari alimpima, akamwambia mama yake, Gohar, kwamba magoti ya mtoto yalikuwa yakiuma kwa sababu ya mzigo, na kwamba shinikizo la damu nalo lilikuwa limeanza kupanda. "Apunguze mafuta taratibu na ajenge misuli," daktari alisema. "Anaweza hata kunyanyua vyuma, mradi awe na mwalimu wa kumwangalia." Baba yake Zaruhi alikuwa Urusi kwenye kazi za ujenzi, kwa hiyo ni mama, mshonaji katika kiwanda cha soksi, aliyempeleka kwa Kocha Hrant.

Kocha Hrant alikuwa mtu mzima mwenye shingo nene na maneno machache, na hayo machache hayakuwa matamu. Alimtazama Zaruhi kuanzia kichwani mpaka viatuni, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Mimi nafundisha wanyanyuaji wa mashindano," alisema. "Hapa si zahanati. Lakini daktari kasema, basi. Kaa kona ile. Vyuma vidogo vile pale, jitikise navyo. Wenzio usiwasumbue."

Huo ndio ulikuwa ukaribisho wake, na huo ndio ulikuwa mwisho wa mafunzo yake. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alisimama kwenye kona ile, akiinua vyuma vidogo vya mkononi asijue kwa nini, huku wenzake wakigongesha mitaimbo mizito, yenye sahani za chuma kila ncha, katikati ya ukumbi.

Mbabe wa ukumbi huo alikuwa Siranush. Alikuwa na miaka kumi na minne, mwembamba, mwenye nywele alizozisuka kwa kuzikaza hadi nyusi zikapanda. Mwaka uliotangulia alishinda medali, na tangu hapo alitembea kama mwenye ukumbi. Alasiri moja Kocha alipotoka kwenda kuvuta sigara, Zaruhi naye akaanza kuruka kamba, Siranush alipaza sauti.

"Jamani, shikeni kuta! Tetemeko limerudi!"

Vicheko vikalipuka. Katika mji ule kila ukoo ulikuwa na makaburi ya tetemeko la ardhi la zamani, na mzaha kama huo watoto waliutoa pale tu wakubwa wasipokuwepo.

"Wewe nawe ukitoka nje shika nguzo," Zaruhi alijibu, uso ukimwaka. "Upepo ukivuma tutakuokota nchi jirani."

"Afadhali kuokotwa. Wewe tutakuitia winchi."

Wakacheka tena. Zaruhi aliendelea kuruka kamba, akihesabu kwa sauti asiwasikie.

Siku moja aliwakuta wenzake wametoka, na Siranush yuko peke yake kwenye chumba cha kubadilishia nguo, amesimama juu ya mizani. Zaruhi alimeza kiburi chake.

"Unafanyaje?" aliuliza.

"Nafanyaje nini?"

"Hunenepi. Unafanyaje?"

Siranush alishuka kwenye mizani na kumkazia macho. "Nikikwambia utaweza? Wewe?"

"Nitaweza."

"Haya. Jifunge nailoni tumboni, ndani ya nguo, jasho likutoke. Shika vyuma vyepesi, nyanyua haraka haraka mpaka mikono ife ganzi, na usipumzike. Njoo kila siku, si hizo siku zako tatu za kitalii. Mkate usiuguse. Mchana tufaha, usiku chai." Alifunga kamba za viatu vyake, kisha akaongeza, "Lakini najua jua halijatua utakuwa umelimaliza duka la mikate, pamoja na rafu zake."

Zaruhi aliapa moyoni kwamba atamwonyesha.

Tangu siku ile, kila alipotoka shule alipitia nyuma ya gereji za mabati, akafungua chombo cha chakula alichofungiwa na mama yake, na kuwamwagia mbwa wa mtaani. Dolma za nyama na mchele zilizofungwa kwa majani ya kabichi, mayai, jibini, yote. Mbwa walimpenda sana. Jioni mama alipouliza, "Dolma zilikuwaje leo, mwanangu?" alijibu, "Tamu, mama, bado nimeshiba," na kukimbilia chumbani kabla harufu ya mchuzi haijamsaliti. Usiku alijigeuzageuza kitandani, njaa ikimkwangua.

Mizani ilianza kushuka, naye akaifurahia kama mtu anayepokea zawadi. Lakini mambo mengine nayo yalianza kushuka. Darasani alisinzia. Mikono ilikuwa baridi hata karibu na jiko. Aligombana na mwalimu wa hesabu, akagombana na msichana aliyeketi naye, akamfokea mama yake kwa sababu ya kijiko. Vyuma alivyovizoea vilimwelemea, kana kwamba kuna mtu aliyeviongezea uzito usiku. Ngozi ya tumbo ikatoka vipele kwa sababu ya nailoni. Yote hayo aliyahesabu kuwa ni gharama ya ushindi.

Ijumaa moja Kocha alikuwa ofisini akizungumza kwa simu. Siranush aliweka mtaimbo wake kwenye vishikio, akamgeukia Zaruhi.

"Naona shavu moja limepungua," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Basi njoo unyanyue chuma cha watu wazima. Au utacheza na midoli mpaka uolewe?"

"Nipishe," Zaruhi alisema.

Hakuna aliyewahi kumfundisha kubeba mtaimbo mabegani. Aliingia chini yake, akaunyanyua kwenye vishikio, akapiga hatua moja nyuma. Alipochuchumaa, taa za dari zikawa ndogo, kisha zikawa nyota, kisha zikapotea. Mtaimbo ulimteleza mgongoni, ukaanguka kwa kishindo, ukaviringika hadi ukamgonga Siranush kwenye muundi wa mguu.

Siranush alipiga yowe. Zaruhi alijikuta amelala kifudifudi, mdomoni kukiwa na ladha ya damu na vumbi. Watu wote walimkimbilia Siranush.

Kocha Hrant alitoka ofisini kama ng'ombe dume aliyekata kamba. "Nani kakuruhusu kugusa mtaimbo? Nani? Unataka kuniulia watoto? Chukua mkoba wako utoke. Na usirudi!"

Zaruhi aliinuka mwenyewe. Hakuna aliyempa mkono. Nyumbani mama alipoona mdomo uliovimba, Zaruhi alisema ameteleza kwenye barafu.

"Barafu gani?" mama aliuliza.

"Barafu tu, mama. Mbona unanichunguza kama polisi?"

Jumatatu mama aliomba ruhusa ya kutoka kiwandani mapema, akasimama kwenye kona karibu na shule. Alimwona binti yake akitoka. Aliwaona mbwa wanne wakiruka na kutikisa mikia, wakimsindikiza kama walinzi wa rais. Akamwona Zaruhi akipinduapindua kile chombo nyuma ya gereji.

"Zaruhi!"

Chombo kilimponyoka mkononi.

"Nashona soksi mpaka macho yananitoka," mama alisema, "kumbe nawapikia mbwa wa mtaa! Tena unaniambia tamu. Tamu! Kwa ulimi gani, mtoto wewe?"

"Nataka kupungua! Wewe hujui wanavyoniita!"

"Na unene una uhusiano gani na kunidanganya?"

Mama alimshika koti kumvuta karibu, akasikia kitu kikikwaruza ndani. Alifungua vifungo. Alipoiona nailoni, na vipele vyekundu vilivyotapakaa chini yake, hasira ilimwishia kabisa; akamfunga koti tena, kifungo kimoja kimoja. Kisha hasira ile ilirudi, lakini safari hii haikumwelekea Zaruhi.

"Nani kakufundisha haya?"

Zaruhi alimtajia, na njiani akamsimulia pia jinsi alivyoanguka na wanavyomcheka.

Hawakubisha hodi ukumbini. Mama Gohar alipita katikati ya wanyanyuaji na viatu vyenye matope, akamwendea Kocha Hrant hadi wakaangaliana uso kwa uso.

"Bwana Hrant, nilikukabidhi mtoto umwangalie. Ulimwangalia lini?"

"Dada, punguza sauti. Mtoto wako amemuumiza mwenzake."

"Sipunguzi! Mtoto wangu ameanguka hapa kwa njaa, ukamtupa nje kama mfuko wa takataka. Na unajua hawa watoto wako wanamwitaje ukitoka na sigara yako? Wanasema washike kuta, tetemeko limerudi. Katika mji huu, Bwana Hrant! Ndani ya ukumbi wako!"

Chuma cha mwisho kilichokuwa kikigonga kilinyamaza.

"Ni Siranush!" Zaruhi alipasuka. "Yeye ndiye aliyeniambia nisile! Yeye ndiye aliyeniambia nijifunge nailoni! Alinidanganya makusudi ili nianguke!"

Siranush alikuwa kwenye benchi, mguu wake umefungwa bendeji. Aliruka kwa mguu mmoja.

"Mwongo mkubwa! Sikukudanganya! Uliniuliza ninavyofanya, nikakwambia ninavyofanya!"

"Nani atakuamini?"

"Huamini? Tazama basi!"

Alipandisha jaketi lake. Chini yake ilikuwa nailoni ileile, imezungushiwa utepe wa gundi, na ngozi iliyotokeza ilikuwa na vipele vilevile. Mbavu zake zilihesabika.

Hakuna aliyecheka. Kocha Hrant alimkodolea macho msichana wake wa medali.

"Mimi nilikwambia ujifunge hayo?"

"Ulisema nikizidi hata robo kilo nisipande basi la kwenda mashindanoni!" Siranush alipaza sauti, na machozi yakaanza kumtoka, ingawa alionekana kuyachukia. "Unataka nibaki kwenye uzito wa mwaka jana. Mwaka jana nilikuwa mfupi, Kocha! Ningefanyaje? Ningekata miguu?"

Mama Gohar alimshushia Siranush jaketi lake. Alipozungumza sauti yake haikuwa kali tena, na labda ndiyo maana iliuma zaidi.

"Haya, Bwana Hrant. Mmoja umemfukuza kwa kuwa ameanguka. Huyu umemsifu kwa kuwa hajaanguka bado."

Kocha aliketi kwenye benchi. Alionekana amezeeka ghafla. Alizungusha kofia yake mikononi.

"Tetemeko lile lilimchukua dada yangu na wanawe wawili," alisema hatimaye, bila kumtazama mtu. "Nisisikie tena mzaha huo humu. Yeyote." Siranush aliinamisha kichwa. "Na nyinyi wawili, nendeni mkavue huo uchafu. Kisha njooni hapa. Wote njooni hapa."

Waliketi sakafuni kumzunguka. Mama Gohar alibaki amesimama, mikono amekunja kifuani, kama hakimu.

"Jasho si mafuta," Kocha alianza. "Jasho ni maji. Unafunga nailoni, unachuruzika, mizani inashuka, unafurahi. Unakunywa bilauri mbili za maji, uzito umerudi. Umedanganya mizani tu, na moyo wako umeuchosha bure."

"Na kutokula je?" mvulana mmoja aliuliza. "Si mafuta yanaungua?"

"Yanaungua, lakini mwili wenye njaa kali hauchagui. Unachoma mafuta, na misuli nayo unaitafuna. Ndiyo maana mtu anapungua na nguvu zinamkimbia." Alimwonyesha Zaruhi kidole. "Sasa sikiliza wewe, maana daktari alikuleta kwa hili nami nikakupuuza. Chuma peke yake hakimalizi mafuta. Mafuta yanapungua polepole kwa kula kwa kiasi, kutembea na kulala. Kazi ya chuma ni kuuambia mwili: misuli hii naitumia, usiiguse. Lakini vile vichuma vyako vya kupepea kama leso haviuambii mwili kitu chochote."

"Wewe ndiye uliyempa," mama alisema.

"Mimi ndiye niliyempa," Kocha alikubali, akiwa amekunja uso kama aliyelamba limau. "Sasa simama, Zaruhi."

Hakumpa mtaimbo. Alimpa mpini wa ufagio, akamwambia auweke mabegani.

"Chuchumaa. Visigino chini! Kifua juu. Unaenda kuketi kwenye kigoda, huokoti sarafu. Tena. Magoti yasikutane, hayana siri ya kuambiana. Tena."

Zaruhi alirudia hadi mapaja yakawaka. Siku ile hakugusa chuma chochote. Kocha alimweleza kwamba mkao ukishakuwa mzuri ataongezewa uzito kidogo kidogo. Atafanya miondoko inayotumia mwili mzima: kuchuchumaa, kuinua kutoka sakafuni kwa mgongo ulionyooka, kusukuma juu ya kichwa. Uzito uwe ule ambao mara za mwisho anaziona ngumu, lakini mgongo haupindi. Ukipinda, anatua. Baada ya hapo anapumzika mpaka pumzi irudi, ndipo aanze tena.

"Na kesho yake usije," Kocha alisema. "Misuli haikui hapa. Inakua ukiwa umelala na umekula."

"Kula nini?" Zaruhi aliuliza kwa woga.

Mama ndiye aliyejibu. "Mayai. Dengu. Mtindi. Samaki nikimpata. Na mkate utakula, lakini si nusu meza. Soda basi. Na mbwa watafute mpishi mwingine."

Vicheko vilitoka hapa na pale, na kwa mara ya kwanza Zaruhi hakuona vimelengwa kwake.

Haikuwa rahisi. Kulikuwa na wiki mizani ilipogoma kabisa, na Zaruhi akataka kuipiga teke. Kocha aliifungia ofisini. "Uliza magoti yako," alimfokea. "Uliza ngazi za shule. Mizani haijui lolote." Na kweli, Zaruhi alianza kupanda ngazi bila kushika ukuta. Sketi yake ilihitaji pini. Usiku alilala fofofo. Mtaimbo uliowahi kumwangusha, sasa aliunyanyua kwa mgongo ulionyooka kama rula, na Kocha akaguna, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na kupiga makofi.

Siranush hakuwa rafiki. Alikuwa amepandishwa kundi la uzito wa juu, akila vizuri, na alikasirika kana kwamba kosa lilikuwa la Zaruhi. "Kwa ajili ya mdomo wako sasa nashindana na majitu," alimwambia. Zaruhi alimjibu, "Basi kua uwe jitu." Lakini siku Zaruhi alipoinama vibaya, ni Siranush aliyepiga kelele kutoka upande wa pili, "Mgongo, we! Unataka kuvunjika?"

Theluji ilipoyeyuka, daktari alimpima Zaruhi tena. Shinikizo la damu lilikuwa limeshuka na magoti hayakuuma. Bado alikuwa na mwili mkubwa. Daktari alisema haina neno, bado anakua, na aendelee vivyo hivyo bila haraka.

Wiki hiyo timu ilikwenda mji wa Vanadzor kwenye mashindano, na Zaruhi akafuatana nayo kushangilia. Wasichana wa timu nyingine walipomwona mlangoni, mmoja alinong'ona kwa sauti iliyokusudiwa kusikika, "Gyumri wameleta mchezaji au kabati?"

Siranush aligeuka kama paka aliyekanyagwa mkia. "Huyu ni kabati letu, si lenu. Mkimgusa atawafungia ndani."

Zaruhi hakujua kama ametetewa au ametukanwa. Labda vyote viwili.

Siranush hakupata medali siku ile. Alishika nafasi ya nne, ingawa alinyanyua uzito ambao hakuwahi kuufikia maishani mwake. Aliketi pembeni, amenuna, taulo kichwani. Zaruhi alikwenda kuketi karibu naye, si karibu sana. Kocha Hrant aliwafuata, akasimama mbele yao na kukuna shingo yake nene.

"Nina maneno, halafu sitayarudia," alisema. "Wewe umekosa medali, unaona dunia imeisha. Wewe umeitwa kabati, na kesho mwingine atakuita jina jingine. Watu wana midomo, na hamtaweza kuizuia. Maadui mtapata bila kuwatafuta. Lakini mwili wako usiufanye adui. Usiunyime chakula, usiudanganye kwa nailoni, usiulazimishe kwa wiki moja kazi ya mwaka mzima. Na mkiona kitu kimewashinda, semeni. Zaruhi alimficha mama yake, Siranush alinificha mimi, nami nilifumba macho. Uongo wetu sisi watatu nusura utupeleke kaburini kabla ya njaa."

Siranush alifuta uso kwa taulo. "Umemaliza, Kocha?"

"Nimemaliza."

"Basi tununulie chakula. Tuna njaa."

Kocha Hrant aliwatazama wote wawili, akaguna, akaingiza mkono mfukoni, akatangulia mlangoni.